Magazeti Ukutani kwa Komanda

Pale Songo hakuna aliyemshinda Émérance kwa kuvalisha kuta. Alibandika karatasi juu ya udongo kwa uji wa muhogo, akapaka chokaa, na chumba kikang'aa utadhani cha tajiri. Mwenye domo ni mdogo wake, Onesphore.

Huyo Onesphore alikuwa na gazeti lake, *Tumechoka*, kurasa zilizochapwa upande mmoja, zikiwaita wakubwa wa mji kunguni, jina kwa jina. Watu waliligombania sokoni. Wakubwa wakakimbia, wakaja wengine na bunduki, na gazeti likawaita kunguni na wao. Jamani! Onesphore akavuka mpaka, akamwachia dada yake marundo mawili ya gazeti hilo uvunguni mwa kitanda.

Sasa askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Waliokutwa na *Tumechoka* walichukuliwa, na hawakurudi. Kuchoma je? Majirani wangenusa moshi. Émérance alimlaani mdogo wake, kisha akapika uji. Rundo la kwanza likaishia ukutani, maandishi yakitazama udongo. La pili akaligeuza, upande mweupe juu, akalikalisha mlangoni chini ya ndoo ya chokaa, kama vifaa vya kazi. Ila kwa haraka yake alipaka chokaa kabla uji haujakauka, na wino ukaanza kupenya.

Komanda akaingia na askari wawili. Wakapekua kitanda, sufuria, hata gunia la unga. Kisha komanda akasimama mbele ya ukuta.

"Mama, hii weusi ni ya nini?"

"Iko maji, komanda. Haiyakauka bado."

Komanda akagusa ukuta kwa kidole.

"Ni weye ulitengeneza?"

"Ni minye."

"Mukono yako iko muzuri. Kuya sasa hivi utengeneze na kwangu. Chumba yangu iko mubaya sana."

"Karatasi niko nayo," Émérance akasema, mwenyewe hajui ujasiri umetoka wapi.

Askari mmoja akajitwisha lile rundo, akambebea mpaka kwa komanda. Émérance akabandika mpaka ukurasa wa mwisho, akangoja uji ukauke vizuri, ndipo akapaka chokaa.

Nyumbani alijitupa kitandani, akalia, akacheka, akalia tena. Ee Mungu, asante! Simu ikaita.

"Yaya, dada yangu, magazeti yangu iko wapi?" Onesphore akauliza.

"Komanda analala nayo."

Onesphore akaangua kicheko.

"Usicheke, mujinga weye. Nimepona!"