Jumamosi Tuliyokwenda Kuwashangilia Nyati

Nyuma ya nyumba ninayoishi sasa hapa Morogoro kuna shule ya sekondari. Jioni watoto wakianza kudunda mpira wa kikapu kwenye saruji, mimi huacha kila ninachofanya. Ni mlio mzito, wa taratibu, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Mume wangu ameshanizoea. Ananikuta nimesimama na mwiko mkononi, kitunguu kinaungua, anacheka: "Tayari, keshafika Mikumi."

Na kweli huwa nimefika Mikumi. Nimerudi darasa la nne, kijijini kwetu Masanze, wilayani Kilosa, nikiwa shabiki wa Nyati. Wenzangu walishabikia timu za soka za Dar es Salaam, zenye makombe. Sisi kwa baba tulikuwa watu wa Nyati, timu ya kikapu ya kulipwa iliyoanzishwa na mwenye hoteli moja ya watalii pale Mikumi. Msinicheke. Ilikuwa timu ya kufungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata siku wapinzani walipocheza hoi, wameshuka garini muda huohuo baada ya basi lao kuharibika njiani, Dumila. Watu wakaacha kuwaita Nyati, wakawaita Ng'ombe. Baba hakujali. Kila tulipofungwa alipangusa vumbi kwenye suruali, akasema, "Wiki ijayo tunawapiga," kwa uhakika wa mtu aliyeambiwa siri.

Alinitengenezea goli kwa ringi ya baiskeli, akaipigilia kwenye mwarobaini nyuma ya jiko. Hapo ndipo nilipojifunza kutupa kama Shija.

Shija ndiye tuliyempenda kuliko wote. Alikuwa mrefu, akiingia ndani kwa watu anainama kwanza. Baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa mfugaji aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga na ng'ombe wake kabla sijazaliwa, na boma lao lilikuwa ng'ambo ya mto, mkabala na shamba letu. Shija alisoma shule yetu, na akipita kwetu alikunywa maji ya mtungi wa mama. Uwanjani, akifunga, alitazama upande tuliokaa watu wa Masanze akainua kidole kimoja. Mimi niliamini kabisa kidole hicho kilikuwa changu.

Msimu ule ulibaki mchezo mmoja, nyumbani, dhidi ya timu ya Dodoma. Tukifungwa tunashuka daraja, na mwenye hoteli alishasema wakishuka anaivunja timu. Wiki hiyo nilikuwa nikimaliza kuswali nawaombea Nyati, nataja jina la mchezaji mmoja mmoja, nikihofia nikimsahau mmoja dua itaharibika.

Jumatano asubuhi baba alirudi kutoka shambani kabla chai haijachemka. Alikaa kizingitini, hakuvua hata buti.

"Mahindi yamekwisha," alimwambia mama. "Ng'ombe wameingia."

Tulikwenda kuona. Mahindi yalikuwa ndiyo yanaanza kubeba, na sasa yamelala chini, mabua yamevunjwavunjwa. Hewa ilinuka utamu wa mahindi mabichi uliochanganyika na samadi. Nyayo za kwato zilishuka mpaka mtoni, zikapanda ng'ambo, zikaelekea kwa kina Shija.

Kama hukulelewa Kilosa utaona hilo ni jambo la kulipana tu likaisha. Kwetu watu waliwahi kuuana kwa jambo kama hilo, na kila mtoto alijua. Kabla ya adhuhuri ua wetu ulijaa wanaume. Baba mdogo Selemani, mdogo wake baba, alikuja na panga lililoviringishwa kwenye kiroba.

"Kaka, sema neno moja tu," alisema. "Shamba ni lako. Ukisema twende, tunakwenda."

"Mwenyekiti kaitisha kikao Jumatatu," baba alijibu. "Tusubiri."

"Jumatatu! Jumatatu hao ng'ombe watakuwa wameshahamishwa!"

Wanaume waliitikia kwa mguno. Baba aliendelea kuangalia mikono yake.

Siku zilizofuata mama alinikataza kwenda mtoni. Shuleni watoto wa wafugaji walikaa benchi lao, sisi letu, na mwalimu alijifanya haoni. Ikasikika kwamba Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, vijana watavuka mto na baba atawatangulia, apende asipende. Ikasikika pia kwamba mtu wa Masanze atakayekwenda Mikumi kumshangilia yule mtoto wa Maduhu, huyo si mwenzetu tena.

Nililia kichinichini. Nilijua hatuendi.

Jumamosi asubuhi baba akatoa pikipiki nje. Simu yake aliiacha juu ya meza. Mama akanivalisha gauni la njano, rangi ya Nyati, akanifunga kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga upya. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mimi kwa furaha sikumwuliza kitu. Baba alinipakia mbele, juu ya tangi, katikati ya mikono yake, badala ya nyuma nilipozoea.

Darajani walikuwa wanatusubiri. Vijana wengi, wengine na fimbo, wengine na mapanga, na Baba mdogo mbele yao. Baba alipunguza mwendo akasimama, lakini hakuzima injini.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Mpirani."

"Kumshangilia mtoto wa Maduhu?"

"Kuwashangilia Nyati."

"Leo? Na shamba lako limelala vile?"

"Shamba ni langu, Selemani. Mimi nitarudi magharibi. Nani atakwenda kudai mahindi yangu nami sipo?"

Kijana mmoja alishika usukani. Alinuka jasho na gongo. Macho yake yalishuka kwangu, na mimi, jamani, nikainua mkono nikapiga kelele: "Nyatiii!" Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alinitazama kwa muda mrefu, taya zake zikicheza. Kisha akatema mate pembeni.

"Mwache," alimwambia yule kijana. "Apite."

Karibu na Mikumi nyani walikaa katikati ya barabara, baba akawapigia honi kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Uwanjani, nyuma ya hoteli, upande wa watu wa Masanze ulikuwa mtupu. Tulikaa wawili tu kwenye benchi refu la saruji. Upande wa pili alikaa Mzee Maduhu na wanawe wawili wakubwa, fimbo zimelala mapajani. Walipotuona walisimama. Baba alikaa tu. Baadaye nao wakakaa, taratibu, bila kutuondolea macho.

Shija alicheza vibaya mno. Mpira ulimponyoka, akawapa wapinzani pasi, na kila mara alitupia jicho kwetu kisha kwa baba yake. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi nyingi. Wenzake walikwenda kunywa maji. Yeye alikatiza uwanja, jasho likimtiririka, akaja akainama mbele yetu.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakujibu.

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata aliyekuibia ukimkuta njiani akikuamkia, utaitikia kwanza ndipo umshike. Nilisikia jenereta ya hoteli ikinguruma. Nilimwona Mzee Maduhu akisimama, na wanawe wakisimama naye. Shija alibaki ameinama, jasho lake likidondoka kwenye saruji karibu na kiatu changu. Nikamvuta baba shati.

"Baba, amekuamkia."

"Marahaba," baba alisema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Sasa mbona unatupa mpira kama unafukuza ndege shambani? Nenda kacheze."

Akaenda akacheza. Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Aliruka, akanyang'anya, akafunga kutoka mbali, na pengo likapungua kidogo kidogo mpaka watu wakawa wamesimama wote, wapishi wa hoteli wakatoka na aproni zao. Sauti yangu ilikauka. Zikiwa zimebaki sekunde chache, tukiwa nyuma kwa pointi moja, Shija alichezewa faulo, akapewa mitupo miwili. Wa kwanza uliingia. Wa pili uligonga ringi, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka. Mchezaji mmoja wa Dodoma akaudaka, akatoka mbio, akafunga. Filimbi ikalia.

Nililia kwa kwikwi, kamasi na vumbi usoni. Nyati walikuwa wamekwisha.

Nilipoinua kichwa, Mzee Maduhu alikuwa anakatiza uwanja kuja kwetu. Baba alisimama, akanisukuma nyuma yake. Katikati ya uwanja yule mzee alisita, akampa mwanawe fimbo, akaja mikono mitupu.

"Ng'ombe ni wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mchungaji alipitiwa na usingizi. Niliogopa kuja kwako."

"Hata mimi," baba alisema, "nilikuwa naogopa uje."

"Jumatatu nitasimama kwenye kikao niseme hivyo."

"Sema. Nitakuwepo."

Wakashikana mikono, kwa muda mrefu, bila tabasamu.

Na Jumatatu Mzee Maduhu alisema kweli, mbele ya mwenyekiti na watu wote, akalipa kwa magunia ya mahindi na ng'ombe mtamba mmoja. Hakuna aliyevuka mto na panga. Baba mdogo alimnunia baba mpaka Ramadhani. Timu ilivunjwa kama ilivyosemwa. Shija alikwenda Dar es Salaam, na siku hizi anafundisha watoto kikapu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama habari ya ushabiki wangu. Nilisema baba alinipeleka kwa sababu alijua ningekufa nikiukosa mchezo ule. Kisha nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, mama akaja kunilea uzazi. Siku moja, akichambua mchele, nikamkumbusha ile Jumamosi.

"Baba yako alitaka kwenda peke yake," alisema, bila kuinua uso. "Mimi ndiye niliyemwambia akubebe, tena akuweke mbele. Nilijua Selemani yuko darajani. Nikasema, wakimwona na mtoto hawatampiga."

"Na kama wangepiga?"

Mama aliweka ungo chini. Alimchukua mwanangu mapajani mwangu, akamlaza begani.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa ngao, kifua wazi mbele ya mapanga, nikipiga kelele jina la timu. Nakumbuka pale darajani mikono ya baba, huku na huku kwangu, ilivyokuwa ikitetemeka. Nilidhani ni injini.