Nafasi ya Kusema "Ingia"

Simu ya Cletus haikupatikana tangu Jumamosi, na sasa ilikuwa Jumatatu usiku. Alikwenda kijijini Mamba kuvuna mpunga, akamwahidi mkewe Felista kwamba angerudi kwa gari la Jumapili. Felista alikaa sebuleni kwake, mtaa wa Kashaulili, sikio moja barabarani, jingine redioni. Jirani yake, Esteria, alikuja kukaa naye.

"Mama Upendo, utaitoboa hiyo simu kwa kidole. Mwanaume hapotei kama kuku."

"Nasikia mvua imenyesha sana njiani, huko Kasansa. Kama gari limepinduka je?"

Saa tatu kikaanza kipindi cha nyimbo za zamani. Leo kulikuwa na shindano. Wimbo mmoja wa enzi za bendi za jazi, ule wa mume mlevi aliyechelewa anayembembeleza mkewe amfungulie, umepigwa kwa namna tatu. Wasikilizaji wachague nani kaupiga vizuri.

Wa kwanza ulikuwa wa bendi yenyewe, tarumbeta zikimfukuzia mwimbaji hata asipate pa kupumua. Wa pili ulikuwa wa kwaya. Hao walimgeuza mke kuwa baba, na mume kuwa mwana mpotevu.

"Hata mlevi kaokoka!" Esteria akacheka. Felista naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Na wa tatu," mtangazaji akasema, "umerekodiwa Jumamosi hii harusini, huko Mamba."

Lilikuwa gitaa moja tu. Felista akaacha kucheka.

Cletus aliwahi kupiga gitaa kwenye bendi. Nyumbani alipenda kuupiga wimbo huu, na kila alipofika kwenye "nifungulie, nimerudi", alisimamisha vidole kwa mapigo mawili. Bendi haikusimama pale, wala kwaya. Nafasi ile Cletus aliiweka kwa ajili ya mkewe, hakuna mwingine aliyeijua, na Felista aliijaza kutoka jikoni: "Ingia!" Miaka ishirini walifanya hivyo. Mwaka jana Cletus akasema vidole vinamuuma, gitaa kampa rafiki yake wa Mamba.

Redioni, vidole vikasimama. Pigo moja. La pili.

"Ingia!" ikaitikia sauti ya msichana. Vigelegele vikapasuka.

"Mpigaji ni bwana harusi mwenyewe," mtangazaji akasema, "na anayemwitikia ni bibi harusi. Tuwapongeze!"

Esteria akanyoosha mkono kuzima.

"Iache."

"Mama Upendo..."

"Iache, nimesema. Nataka kujua kama wameshinda."

Walishinda.

Esteria alilala kwenye kochi. Felista hakulala. Aliizungusha pete yake ya kanisani mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Kulipoanza kupambazuka, mtu akabisha hodi.

"Mama Upendo! Gari lilikwama Kasansa, simu ikaisha chaji. Pole, mke wangu, najua hukulala."

Felista akasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alisikia gunia likitua chini. Cletus akabisha tena, kisha akaanza kuimba taratibu, kwa sauti ile ya kuomba msamaha aliyoizoea.

"Nifungulie, nimerudi..."

Akanyamaza, akangoja. Mapigo mawili yakapita. Yakapita manne. Pikipiki ikapita barabarani, ikaenda zake.

"Felista?"

Felista akalisukuma komeo ndani ya tundu lake mpaka mwisho, likagota.