Ukuta Unaopumua

Juzi, kule Minago, nilimwona fundi akibandua rangi ya mafuta iliyovimba kama malengelenge kwenye ukuta wa udongo, nikakumbuka alasiri moja ya wakati wa vita.

Tulikuwa tumerudi kutoka mafichoni na kuikuta nyumba yetu ya Rumonge imeungua paa, kuta nyeusi kwa masizi. Mjomba alileta kopo la rangi ya mafuta. Mama akaikataa.

"Hii itafunga maji ndani, ukuta uoze. Tupake chokaa. Ukuta nao iko unapumua."

Nilishangaa sana. Shangazi Zaina, dada yake baba, alimwagia chokaa maji, ikachemka bila moto, na harufu yake ikaishinda ya moshi na ya ndagala walioanikwa ufukweni. Mama aliingia na ndoo yake katika chumba alichokuwa akilala na baba. Baba, niliambiwa, alikuwa amevuka ziwa.

Nikabandika sikio ukutani kwa nje. Kweli ulipumua, kwa kukatika-katika, kama mtu aliyekimbia mbali.

"Shangazi, unapumua! Iko unaumwa?"

Brashi ikasimama mkononi mwake. "Uache upumue, mutoto wangu."

Leo najua kwamba mjomba alikuja pia na habari ya kifo cha baba.

Mama alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Nikamletea maji anawe, nikamwonya kwamba chokaa inauma macho.

"Murakoze," akanishukuru kwa Kirundi, kwa heshima tunayowapa wakubwa, nami sikuelewa kwa nini.