Guta la Nesta

Mwanangu Nesta hajasimama kwa miguu yake tangu alipougua akiwa mdogo. Kwa miaka mingi alipeleka vitunguu vya watu mpakani Tunduma kwa baiskeli ya kunyonga kwa mikono. Mimi nilitangulia mbele, katikati ya foleni ya malori, nikipaza sauti: "Pisheni! Pisheni mgonjwa apite!" Maneno hayo anayachukia.

Sasa mabega yake yamekwisha, na mikono inachelewa kukamata breki. Ndipo Restuta, fundi kutoka Mbeya, akamletea guta la umeme la majaribio, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Lina macho mbele. Likiona kitu njiani linapunguza mwendo lenyewe. Kikiwa karibu, linasimama. Lakini Restuta alisema wazi: lisipofika mpakani na mzigo, atalipeleka kwa mwingine, kwenye barabara nyepesi.

Tukaondoka, Restuta akitembea kando, mimi mbele kama kawaida. Guta likaenda kidogo, likasimama. Likaenda, likasimama tena.

"Dada Nesta, limeishiwa bando?" utingo mmoja wa lori akamtania.

"Afadhali langu. Lenu limelala hapa wiki nzima."

Restuta akatikisa kichwa. Nikaona sasa atalichukua. Nikazidi kupiga kelele na kurudi nyuma nilikaribie guta, nimkinge mwanangu. Likagoma kabisa.

"Mama," Nesta akaniita kwa sauti ya chini. "Linakuona wewe. Kaa pembeni."

"Na ukigongwa?"

"Kaa pembeni, mama."

Nikasogea hadi kwenye banda la muuza viazi. Guta likaondoka kimya kama paka. Ghafla mtu wa toroli akachomoza kati ya malori. Miguu yangu ilishaanza kukimbia, muuza viazi akanidaka kitenge.

"Mama Nesta, mwache!"

Guta likapunguza mwendo, likasimama kabla ya kumfikia. Toroli likapita. Nalo guta likaendelea, likapotea nyuma ya lori jekundu.

Nilibaki pale nikikodolea macho lile lori. Viazi vya watu vikaungua, wakanilaumu mimi kwa kuziba jiko.

Guta liliporudi kutoka mpakani halikuwa na mzigo. Restuta alikuwa amekaa nyuma, akaninyooshea waya wa kuchajia.

"Huu utunze nyumbani kwako, mama."

Nikaupokea, nikabaki nimesimama mbele ya guta, machozi yananitoka. Nesta akapiga honi.

"Mama, pisha mgonjwa apite!"

Nikapisha.