Ukuta wa Irene Tordoff

Irene Tordoff aliandika riwaya tatu, na mtaani kwetu hakuna aliyezisoma. Nilipanga chumba chake cha juu kwa miaka minne, pale Keighley, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, na sikuwahi kuona kitabu chake ndani ya nyumba nyingine. Lakini kila Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni, mtaa mzima ulifungua redio kumsikiliza. Alizungumza dakika kumi tu: juu ya foleni ya basi, juu ya kabichi za marehemu baba yake, juu ya mchungaji aliyedondosha meno ya bandia harusini. Kesho yake, dukani kwa Bibi Capstick, walimwambia, "Irene, redio unaiweza. Vitabu waachie wenye akili timamu."

Alicheka nao. Alikuwa karani wa kiwanda cha sufu kwa miaka kumi na tisa, na taipureta yake aliinunua kiwandani siku walipotaka kuitupa. Riwaya yake ya kwanza haikuwa na watu, ilikuwa na viti tu na maneno ya waliowahi kuvikalia. Ya pili ilikwenda siku nzima bila nukta. Ya tatu haikuwa na kitu cha kuonekana. Hakuna uso, hakuna rangi, hakuna jina. Ilikuwa na yale tu yanayosikika kupitia ukuta wa nyumba.

Ukuta wenyewe ulikuwepo kweli. Nyumba zetu ziliungana kama meno, na kati ya meko ya Irene na meko ya jirani palikuwa na unene wa tofali moja tu. Upande wa pili aliishi Wilf Naylor, nyapara wa kiwandani, na mkewe Doreen. Wilf hakuwa mlevi. Aliimba kwaya. Alimpiga mkewe akiwa na akili zake zote, bila kupandisha sauti, na mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, eti ya nyuma ya pazia ni ya mwenye pazia. Ninasema hivi: kila aliyenyamaza alishika mkono mmoja wa Doreen ili Wilf apige vizuri.

Ni Irene peke yake aliyefanya kitu. Kwetu, jirani akimtaka jirani, hugonga mgongo wa meko kwa chuma cha kuchokolea makaa. Mara mbili maana yake njoo, chai iko tayari. Doreen, Wilf alipoanza kumpiga, aligonga mara moja tu, kama mtu aliyeteleza mkono. Irene akisikia aliacha sentensi katikati, akachukua kikombe, akaenda kubisha.

"Doreen, nimeishiwa sukari tena."

Wilf akalazimika kufungua mlango na kutabasamu. Mara nyingi hasira zilipoa kabla kikombe hakijajaa. Kwa miaka sita Wilf hakushtukia hila hiyo. Alisema tu kwamba mwandishi yule ni mzembe, hata sukari hakumbuki kununua.

Yote haya Irene aliyatia kwenye riwaya ya tatu. Chuma kwenye tofali, nyayo, kikombe, sauti ya mwanamume ikibadilika mlangoni. Aliondoa majina akaamini kwamba ameficha. Wala hakumwuliza Doreen. Alizoea kutosomwa, na mtu asiyesomwa husahau kwamba kuna masikio.

Novemba ya mwaka 1962, Bwana Lumley, mtayarishaji wa kipindi chake redioni kule Leeds, alimwomba Jumanne moja asome kipande cha riwaya hiyo. Irene alifurahi kama msichana. Alichapa kurasa, zikapitishwa, zikapigwa muhuri.

Siku yenyewe alikaa studio akinywa maji, akisubiri zamu yake. Saa kumi na mbili kasorobo spika ikatoa tangazo la vipindi vya jioni. Mtangazaji alisema kwa sauti tamu kwamba Irene Tordoff atasoma kisa cha mwanamke anayemwita jirani yake kwa kugonga meko mara moja.

Glasi ikamponyoka; ndipo alipokumbuka kwamba Wilf naye husikiliza redio. Lumley ndiye aliyeandika tangazo hilo, na liliandikwa vizuri.

"Kuna nini?" Lumley akauliza.

"Nipe simu."

"Irene, una nusu saa."

"Nipe simu, Lumley."

Mtaani simu ilikuwa moja, dukani.

"Irene? Si uko redioni wewe?" Bibi Capstick akasema. "Wametutangazia sasa hivi. Mambo ya meko tena? Shoga, hutaishiwa vituko."

"Wilf yuko wapi?"

"Katoka hapa dakika hii. Alikuja kununua tumbaku. Tangazo likapita, akasimama tu, kama mtu aliyesahau jina. Halafu kaondoka, tumbaku kaiacha kaunta."

"Alisema kitu?"

"Aliuliza wewe unaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Nikamwambia hata kimoja, tangu mgao wa sukari wakati wa vita. Kwani kuna ubaya?"

Irene aliniambia kwamba hapo alijua Wilf ameshaelewa ile sukari ilikuwa kisingizio. Alimweleza Bibi Capstick yote, kwa maneno machache. 

"Nilidhani ni mimi tu niliyesikia kupitia kuta," Bibi Capstick akasema. "Sasa unataka niende kuomba sukari? Mimi muuza sukari?"

"Mpelekee tumbaku yake. Ingia, kaa, usitoke. Saa kumi na mbili na robo nitaanza kusoma, na Wilf atataka kusikia nimesema nini. Hatainuka kitini. Mtoe Doreen kwa mlango wa jikoni."

"Una uhakika hatainuka?"

"Sina."

Taa nyekundu ikawaka. Irene akasoma polepole. Hakuna aliyewahi kumsikia akisoma vile: kila neno alilishika kama anashuka ngazi gizani. Hakuona karatasi. Aliona sebule ya jirani, kiti cha Wilf, soksi, na nyuma yake mlango wa jikoni ambao bawaba zake hulia. Alizijua zile bawaba, ziko ukurasa wa tisa. Alipofika pale aliziruka.

Dakika kumi zikaisha na kurasa zikaisha. Hakujua kama Doreen ametoka. Akaendelea. Alibuni papo hapo, mwanamume wa kwenye kisa akawa anatembea chumbani akitafuta sauti iliyopotea, anatafuta chini ya meza, anatafuta ndani ya birika. Nyuma ya kioo Lumley alipitisha kidole shingoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Dakika ya kumi na tatu wakamkata, wakaweka muziki wa fidla.

"Umeniua," Lumley akasema.

"Natumaini ni wewe peke yako," Irene akajibu, akachukua koti.

Treni ya kurudi ilisimama kila kituo. Mtaani kwetu aliona mapazia yote yamefungwa, na mlango wa Naylor uko wazi, taa inawaka, hakuna mtu. Akatembea hadi dukani bila kugeuka nyuma.

Doreen alikuwa chumba cha nyuma, amekaa juu ya gunia la viazi, koti juu ya aproni. Bibi Capstick alisimama mlangoni na kisu cha kukatia jibini.

"Nimeongea kuhusu bei ya sabuni hadi ulimi ukakauka," akasema. "Ulipoanza wewe, akanionyesha kiganja: nyamaza. Akaongeza sauti ya redio. Tukatoka. Hakugeuka hata kidogo. Afadhali angegeuka, shoga. Ile shingo nitaiota."

Irene akapiga magoti mbele ya gunia. 

"Miaka sita nimegonga," Doreen akasema, "na wewe ulikuwa unaandika."

"Nilikuja kila mara, Doreen."

"Ulikuja. Ukarudi ukaandika. Niondoe humo."

Alfajiri Doreen alipanda treni kwenda kwa dada yake Morecambe, na hakumwandikia Irene hata kadi. Irene alitoa sura ile yote, ingawa mchapishaji alimwambia kwamba ndiyo iliyobeba kitabu. Redioni hawakumwita tena. Nimewasikia wasomi wakisema riwaya hiyo ina pengo katikati, kwamba mwandishi alikosa ujasiri. Wasomi hao hawajui wanachosema, nami nimewaambia hivyo usoni.

Wilf alirudi nyumbani, na hakufanya kitu. Hakubisha hodi, hakutukana. Alisogeza kiti chake tu. Irene alikisikia kikiburutwa sakafuni, jioni moja, hadi kwenye meko, hadi kwenye lile tofali. Tangu siku hiyo, Irene alipoanza kuchapa, upande wa pili palikuwa kimya kabisa. Alipoacha, alisikia mtu akivuta pumzi.

"Hama," nilimwambia.

"Nikihama ataniandama hadi huko, kichwani," akasema, akaweka karatasi nyingine kwenye taipureta. Akaanza kuchapa.