Shangazi Bualay Alisema Ameshiba

Mimi Thongsai niliacha shule darasa la tatu, lakini bango lolote utakaloliona wilaya hii likiwa na herufi zilizonyooka, ujue ni mkono wangu. Hata lile la kijiji chetu ni la kwangu. Nitalifikia.

Jirani yangu ni Shangazi Bualay, mjane, mfumaji wa sketi. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Alikuwa na kadi ya watu maskini, na kwa kadi hiyo hospitali ya mjini ingempasua bure mwezi wa kumi na mbili, baada ya mavuno. Bila kadi, hakuna kupasuliwa.

Mwaka huo mwenyekiti wa kijiji akatuita. Akasema huko duniani kuna orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa, na Laos tumo. Wakubwa wanapima kipato cha watu, wanapima afya na shule, halafu wanapima kama nchi ikipigwa na mafuriko inasimama au inaanguka. Ukifaulu unatolewa kwenye orodha.

"Kumbe nchi nayo ilirudia darasa?" nikasema. "Mimi nimekaa dawati la nyuma, napajua. Pazuri, hakuna anayekuuliza swali."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema nchi haitoki mpaka vijiji vitoke, na kijiji hakitoki mpaka nyumba zitoke. Mkaguzi anakuja Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nikapita kwa Shangazi. Mchele wake ulikuwa umeisha tangu mwezi wa sita, kama kila mwaka, anachimba viazi vya porini. Nikampelekea kikapu cha wali wa kunata.

"Wa nini?"

"Mgeni anakuja, Shangazi. Utamkaribisha mizizi kama nguruwe?"

"Nguruwe baba yako," akasema, akakipokea.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Akavua viatu, akapanda ngazi, akakaa mkekani na fomu zake. Kabla hajafungua kalamu Shangazi akamuuliza, "Umekula wali, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Na nyinyi? Mchele unawafikisha mwaka mzima?"

Sasa hapa kwetu ukiulizwa kama umekula, unajibu umekula. Hata kama tumbo limeshikana na mgongo. Mgeni humwambii una njaa, utakuwa umemfukuza.

"Tunakula," Shangazi akasema. "Tunashiba. Karibu." Akamsogezea kikapu changu.

Mkaguzi akanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Ningeweza kusema.

"Huyu?" nikasema. "Anakula anabakiza, mpaka kuku wake hawawezi kuruka!"

Kijana akacheka, akaandika.

Mwezi wa kumi na moja kijiji kikatangazwa kimetoka kwenye umaskini. Kadi zikakusanywa. Shangazi alitoa yake kwenye mfuko wa nailoni, akauliza kama na mfuko wanauchukua.

Nikamwambia twende wilayani, tukaseme ukweli.

"Tukaseme nini? Nilimkaribisha mgeni nyumbani kwangu halafu nikamdanganya?"

"Waambie ulikuwa na adabu tu."

"Na wewe utawaambia ulikuwa na nini?"

Safari ya wilayani ikaishia hapo.

Bango nilipewa mimi kulipaka. Herufi nyeupe, bluu nyuma, zimenyooka kama uzi. Siku ya kulisimamisha Shangazi alikuja na fimbo, akasimama nalo uso kwa uso.

"Limeandikwa nini?"

Nikamsomea: Kijiji Kilichotoka Kwenye Umaskini.

"Herufi nzuri?"

"Kuna mwingine wa kunishinda wilaya hii?"

"Haya basi," akasema, akarudi nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili ukapita. Hospitali hatukwenda.

Sasa kila asubuhi nampangia nyuzi zake: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeusi mapajani. Anafuma kwa vidole. Juzi nikabadilisha, kijani nikaiweka kushoto. Kumchokoza tu, kama zamani, anitukane mimi na baba yangu. Nikakaa kwenye ngazi nikisubiri.

Akavuta, akapitisha, akagonga. Kitambaa kikaendelea kutoka, kijani mahali pa nyekundu.

Nikakaa mpaka akafika kiasi cha shibiri. Halafu nikaenda kuchota maji.