Nilikata laini ya mume wangu kwa wivu, tukakosa interview ya PR. Hivi ndivyo tulivyofanya

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Mimi ni msomaji wa kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi. Naona kila mara mtu akiuliza, "Nimekosa interview ya permanent residence, nifanye nini?" na wanaomjibu hawajawahi kukosa hata clinic ya mtoto. Sisi tulikosa. Nitawaambia ukweli wote, hata pale unaponiaibisha, na ni pengi.

Ni uzi mrefu, vumilieni.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule hapa Kitengela. Kwetu ni Machakos. Mume wangu anaitwa Saning'o, ni Mmaasai wa Longido, Tanzania, ng'ambo kidogo tu ya Namanga. Ananunua mbuzi soko la Bisil na kuwaletea wachinjaji wa huku.

Shikeni hapo: mimi ndiye raia, yeye ndiye anayeomba karatasi.

Lakini tukifika Bisil mambo yanageuka. Mume wangu anasalimiwa kutoka mwanzo wa soko hadi mwisho. Watoto wanamletea vichwa awaguse, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Anaongea Kimaasai na kucheka mpaka anasahau amekuja na mtu. Mimi nasimama pale na mkoba wangu, watu wananiuliza, "Mama, unatafuta nani?"

Kwa karatasi mgeni ni yeye. Kwa watu mgeni ni mimi. Hiyo kitu imenichoma tangu tuoane.

Sasa kuna Nasieku.

Nasieku ni mwanamke wa Bisil, mrefu, anauza na kununua mbuzi kuliko wanaume wengi. Mume wangu alimsevu kwa simu "Nasieku Mbuzi". Alikuwa anapiga asubuhi tukinywa chai. Saning'o akiona jina lake anatoka nje, na huko nje namsikia akicheka kicheko ambacho kwa Kiswahili hajawahi kunichekea. Kwa Kiswahili mume wangu ni mtu mpole, wa "naomba" na "samahani". Kwa Kimaasai ni mtu mwingine, na huyo mtu mwingine Nasieku alikuwa naye kila siku.

Niliwahi kumuuliza, "Mnacheka nini?"

"Mambo ya mbuzi tu, mke wangu."

Wakuu, mbuzi anachekesha hivyo?

Jumapili moja simu ililia tukijiandaa kwenda kanisani. Nasieku Mbuzi. Nikaichukua kabla yake, nikatoa laini, nikaikata na makasi ya kazi. Vipande viwili, mezani, karibu na Biblia.

Saning'o aliviangalia. Huyu mtu akikasirika Kiswahili chake kinakuwa safi kama cha taarifa ya habari. Akasema, "Mke wangu, namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya uhamiaji."

Nikamjibu, "Kwani uhamiaji ndio hukupigia ukicheka?"

Sikudanganywa na mtu. Niliambiwa, nikasikia, nikaendelea kuvaa viatu.

Alinunua laini nyingine. Namba zake zote zilikuwa kwa ile iliyokatwa, kwa hivyo Nasieku alikuwa hapatikani na yeye hapatikani kwa Nasieku. Alisema ataenda kuirudisha ile ya zamani baada ya soko. Mimi wiki hiyo nilishona nikiimba.

Jumatano saa nane mchana mtu akabisha geti. Nafungua, ni Nasieku. Shanga, shuka, vumbi ya barabara mpaka magotini.

"Takwenya," akasema. Hiyo ni salamu yao kwa mwanamke, na jibu lake nalijua. Sikujibu.

"Mama Mwende, namtafuta Saning'o. Simu yake haiingii kutoka Jumapili. Iko maneno..."

"Hayuko."

Hiyo ilikuwa kweli, alikuwa Kajiado kutafuta kibali cha kusafirisha mifugo.

"Basi wacha nikuambie wewe, ni maneno ya..."

"Maneno yenu mmalizane Bisil. Kwa nyumba yangu usirudi." Nikafunga geti. Nikasikia amesimama pale kidogo, halafu akaenda. Saning'o aliporudi sikumwambia kitu.

Kumbe kwa ile fomu kulikuwa na nafasi ya raia anayetujua kama mume na mke, na Saning'o alikuwa amemweka Nasieku. Ofisi ilipompigia yeye ikamkosa, ikampigia Nasieku. Ujumbe ulikuwa Saning'o afike Alhamisi saa mbili asubuhi, na mke wake. Nasieku alipiga ile laini mfu mpaka akachoka, akaacha mbuzi zake, akapanda kuja Kitengela kutuambia. Mimi nikamfungia geti.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa napima mtoto wa darasa la nne sketi.

Saning'o alikuja kujua siku ya soko, Nasieku alipomwona. Alirudi nyumbani mapema. Hakuketi. Akaniuliza, "Nasieku alifika hapa siku ya Jumatano?"

"Alifika."

"Naomba unieleze ulimwambia nini."

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alivua kofia akaishika tu mikononi. Pasi anayoishi nayo hapa ilikuwa imebakisha wiki tano. Faili ikifungwa anaanza upya, na pasi ikiisha kabla, anarudi Longido kungoja huko, na hakuna ajuaye atangoja mpaka lini. Mtoto wetu Mwende ana miaka minne na hapati usingizi kabla baba yake hajarudi.

Na sasa nitasema kitu ambacho sijawahi kusema hata kanisani.

Aliponiambia tumekosa, kabla ya uoga, kabla ya aibu, nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Kwa sababu kila mara akihitaji pasi, barua ya kumwombea ni yangu, sahihi ni yangu. Akipata PR hatanihitaji tena kwa mambo hayo. Nilikuwa nimejiambia anakaa kwa sababu ya ile sahihi. Mtu akiwa na wivu huona hata karatasi ya serikali ni mwanamke mwingine.

Haya, tulichofanya.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa ofisi kabla haijafunguliwa. Hatukungoja watupigie. Tulibeba cheti cha ndoa, pasipoti yake, kitambulisho changu, risiti ya maombi, nakala ya kila kitu. Jamaa mmoja wa cyber alikuwa ametuambia tusijaze maombi mapya, tufuate faili ile ile, na hapo alisema kweli. Lakini pia alitaka kututengenezea barua ya hospitali kwamba nilikuwa nimelazwa siku hiyo. Saning'o alikataa. Alisema hawezi kuomba kukaa kwa nchi ya watu na barua ya uongo mfukoni.

Afisa alikuwa mama mtu mzima, miwani kwa kamba. Akauliza, "Kwa nini hamkukuja?"

Saning'o akaanza, "Mheshimiwa, simu yangu iliharibika..."

Mume wangu huyo, aliyekataa barua ya uongo, alikuwa ananifunika mimi.

"Haikuharibika," nikasema. "Niliikata laini na makasi. Nilikuwa na wivu."

Afisa alishusha miwani. "Wivu ya nani?"

"Ya huyo Nasieku ako kwa fomu."

Akanisukumia karatasi. "Andika hiyo yote. Uweke sahihi."

Nikaandika. Wakuu, jaribuni siku moja kuandikia serikali kwamba ulikata laini kwa sababu mumeo alicheka. Nilitaja geti pia. Afisa akasoma mpaka mwisho, hakucheka hata kidogo. Akasema anaweza kutupangia tarehe nyingine mara moja tu, lakini anataka barua mpya kutoka kwa Nasieku, na nakala ya kitambulisho chake. Ofisi ilimpigia, akaja kwa nia njema, akarudishwa kwa geti, lazima aseme mwenyewe kama bado anatusimamia.

Tukiwa nje nikamwambia Saning'o, "Si utamwomba siku ya soko."

"Hapana. Utamwomba wewe. Mimi nitamtazama kwa uso gani?"

Nikaenda Bisil peke yangu. Nilimkuta katikati ya mbuzi, ameshika mmoja mguu anamkagua meno. Nikasema mimi kwanza, "Takwenya."

Akaniangalia mpaka nikadhani hatajibu. "Iko," akasema, ndilo jibu la ile salamu, na akaendelea na meno.

"Nimekuja kuomba msamaha. Na barua."

"Gani kwanza?"

Wanawake wenzake wawili wakacheka, wakaambiana kitu kwa Kimaasai. Nilisikia moto masikioni lakini sikuondoka.

Nasieku akamwachilia mbuzi. "Sikia, Mama Mwende. Mimi namjua huyo Saning'o kabla yako. Ningemtaka, ungempata wapi?"

Hiyo iliingia. Hata sasa nikiandika bado inauma.

"Basi mnacheka nini kila asubuhi?" nikauliza. Ilinitoka tu.

"Wewe! Tunakucheka wewe. Anasema unabishana na cherehani. Anasema ulifukuza mchungaji juu ya kukanyaga kitambaa. Huyo mwanaume anaongea juu yako mpaka mbuzi zinachoka."

Sikujua kama nifurahi au nikasirike kwamba wananicheka. Nilifanya zote mbili.

Aliandika barua, karatasi ikiwa juu ya mfuko wa chumvi ya mifugo. Mistari minne. Aliandika anatujua, tunaishi nyumba moja, tuko na mtoto, na "mke ni mkali sana lakini ni mke wake kweli." Nikamwomba atoe hiyo ya ukali. Akakataa.

Siku ya interview walituuliza kila mtu peke yake. Maswali mengi ni ya kawaida: mlikutana wapi, analala upande gani, mama mkwe anaitwaje. La mwisho afisa akaniuliza, "Akipata hii, hatahitaji tena sahihi yako. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na bado unataka apate?"

Nikasema, "Naogopa. Lakini nataka."

Akaandika kitu. Kisha akauliza namba ya pili ya kuwasiliana. Nikampa yangu. "Hii hautakata?" akasema. Hapo ndipo alitabasamu.

Ujumbe ulikuja wiki iliyopita, kwa simu yangu, kabla ya yake. Maombi yamekubaliwa. Ilikuwa siku ya soko, mimi niko peke yangu na cherehani, makasi yako pale mezani. Niliusoma mara nyingi. Nilimpigia Saning'o, simu yake imezima, kama kawaida ya siku ya soko.

Nikakaa na habari hiyo dakika kama tano, mimi tu ndio najua.

Halafu nikampigia Nasieku. Nikamwambia, "Takwenya. Mpe mume wangu simu."

Nikamwambia. Kisha nikasikia anamwambia Nasieku kwa Kimaasai, na wote wawili wakalipuka, na soko zima likalipuka nao. Kile kicheko. Sikuelewa neno hata moja. Wivu ukanishika tena, nisiwadanganye. Lakini sikukata simu.

Wakuu, nilichojifunza: ukikosa interview nenda haraka, nenda mwenyewe, beba kila karatasi, na sema ukweli hata kama ukweli ni wewe. Na namba iliyo kwa fomu, iheshimu.

Waliopitia haya waongeze hapo chini, wa kunitukana pia mkaribie, nimeshazoea.

Na kuna yeyote hapa Kitengela anayefundisha Kimaasai? Niko serious. Lakini mwalimu awe mwanaume, na awe mzee.